Kutoka dola milioni 60 hadi dola 5,000

Jumatatu ya tarehe 23 Julai 2012 ilinikuta katika chumba cha mapumziko cha ghala moja pembezoni mwa Pittsburgh, nikinywa chai niliyotoka nayo nyumbani kwenye chupa, huku televisheni iliyowekwa juu ya friji ikimwonyesha Mark Emmert, rais wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, akitangaza adhabu dhidi ya Chuo Kikuu cha Penn State. Faini ya dola milioni 60. Timu ya mpira wa Kimarekani kuzuiwa kwa miaka minne kucheza zile mechi za heshima zinazofunga msimu. Nafasi za ufadhili wa masomo kwa wachezaji kupunguzwa. Na ushindi wote wa kuanzia mwaka 1998 hadi 2011, mechi 112, kufutwa kwenye kumbukumbu. Kila alipotaja kipengele kimoja niliitikia kwa kichwa. Wakati huo nilikuwa na mtoto wa miaka sita nyumbani, na nilitamani hata zaidi ya hapo.

Pembeni yangu alikaa mfanyakazi mwenzangu, Mmarekani wa umri wa baba yangu, ambaye nilizoea kumwita Mzee mpaka jina likamkaa, na wenzetu wakaanza kumwita hivyo bila kujua maana yake. Mzee alikuwa shabiki wa Penn State tangu ujana wake. Hakumtetea mtu yeyote siku ile. Alisema tu kwamba mhalifu yuko jela, kwamba waliomficha wameanza kushtakiwa, na kwamba vijana watakaoingia uwanjani mwezi Septemba walikuwa watoto wadogo wakati hayo yanatendeka. Sasa Emmert anamwadhibu nani? Nilimjibu kwa ukali ambao leo nikiukumbuka naona aibu, kwa sababu imenichukua miaka mingi kutambua kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu, ingawa mpaka leo sikubaliani na hitimisho alilolitoa.

Msomaji aliyeko nyumbani huenda akashangaa kwamba michezo ya wanafunzi inaweza kuzua jambo zito kiasi hiki. Kwetu mechi kati ya chuo na chuo huhudhuriwa na wanafunzi wenyewe na labda muuza karanga. Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke, ambao Simba na Yanga huujaza kwa taabu na kwa majigambo, unachukua watu 60,000. Uwanja wa Beaver wa Penn State, uliojengwa katika mji mdogo katikati ya jimbo la Pennsylvania, unachukua zaidi ya watu 106,000, na hao hujaa Jumamosi kwa Jumamosi kuwatazama vijana ambao kwa sheria za wakati ule hawakuruhusiwa kulipwa mshahara. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa chuo. Chama chenyewe, NCAA, kilianza mwaka 1906 kwa sababu wachezaji walikuwa wakivunjika na kufa uwanjani, na kwa miongo mingi kazi yake kubwa imekuwa kuhakikisha kwamba hakuna mchezaji anayepewa kitu kisichoruhusiwa na kwamba hakuna chuo kinachosajili kwa hila. Wanachama wake ni vyuo vyenyewe, jambo ambalo msomaji alitunze akilini.

Jerry Sandusky alikuwa kocha msaidizi wa Penn State kwa takriban miaka 30, hadi alipostaafu mwaka 1999. Mwaka 1977 alianzisha shirika la hisani la kuwasaidia watoto wenye maisha magumu, na ni kutoka katika shirika hilo alikowapata wavulana aliowadhalilisha kingono kwa miaka mingi. Alikamatwa Novemba 2011, akatiwa hatiani tarehe 22 Juni 2012 kwa makosa 45 kati ya 48, na Oktoba mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha kati ya miaka 30 na 60. Alikuwa mzee wa miaka 68. Kuhusu yeye hakuna mjadala, na mahakama ilifanya kazi yake.

Mjadala ni juu ya waliokuwa pembeni yake. Mwaka 1998 mama mmoja alilalamika polisi kuhusu mwanawe wa miaka 11. Uchunguzi ukafanyika, mwendesha mashtaka akaamua kutofungua kesi. Mwaka 2001 kocha kijana, Mike McQueary, alimkuta Sandusky usiku bafuni na mvulana katika jengo la timu, na kesho yake akamweleza kocha mkuu, Joe Paterno, naye Paterno akawapelekea habari mkuu wa michezo Tim Curley na makamu wa rais wa chuo Gary Schultz. Polisi hawakuambiwa. Barua pepe za siku zile zinaonyesha kwamba viongozi walikuwa wamekwisha kupanga kuiarifu idara ya ustawi wa watoto, kisha Curley akaandika kwamba amelifikiria upya baada ya kuzungumza na Joe, na mpango ukabadilika. Rais wa chuo, Graham Spanier, aliukubali mpango huo mpya. Mwaka 2017 Curley na Schultz walikiri kosa la kuhatarisha ustawi wa watoto, na Spanier akatiwa hatiani kwa kosa hilohilo. Baada ya rufaa zilizopanda na kushuka alitumikia kifungo chake mwaka 2021. Paterno hakushtakiwa kwa lolote. Bodi ilimfukuza kazi Novemba 2011, wanafunzi wakaingia mitaani kwa hasira na kupindua gari la kituo cha televisheni, na Januari 2012 akafariki akiwa na miaka 85. Familia yake imepinga siku zote madai kwamba alificha jambo.

Katika ripoti ya kurasa 267 iliyoandikwa na Louis Freeh, mkurugenzi wa zamani wa FBI, na kutolewa tarehe 12 Julai 2012, kuna sehemu ndogo ambayo mimi naiona kuwa kiini cha suala lote, na ambayo watu wengi waliipita haraka kwa sababu haina majina makubwa. Ni habari ya wafanya usafi. Mwaka 2000 mmoja wao alimwona Sandusky akimtendea mtoto uovu katika bafu la timu; akawasimulia wenzake huku akitetemeka, wakajadiliana, wakanyamaza. Mmoja wao aliwaeleza wachunguzi kwamba kuripoti jambo lile machoni pake kungekuwa sawa na kumpinga Rais wa Marekani. Waliogopa kufukuzwa, na hofu yao haikutokana na kanuni yoyote ya ajira wala na bosi aliyewatisha kwa mdomo, maana hakuna aliyewatisha. Ilitokana na kujua tu kwamba katika mji ule timu ya mpira ni kitu kisichoguswa. Nimefanya kazi ya usafi katika nchi hii, usiku, katika majengo ya watu wakubwa, na naijua hofu hiyo.

Hapo ndipo ninapoachana na Mzee. Hoja yake, ambayo imesemwa na wanasheria wengi wasomi kwa maneno ya kupendeza zaidi, ni kwamba jinai ni ya dola na michezo ni ya wanamichezo, na kila mmoja abaki kwenye shamba lake. Ingekuwa sahihi kama Sandusky angekuwa, kwa mfano, mhasibu wa chuo aliyefanya maovu nyumbani kwake. Lakini yeye aliwavuta wavulana kwa kuwapeleka kwenye mechi, kwa kuwasimamisha kando ya uwanja na wachezaji waliowaona kwenye televisheni, kwa kuwasafirisha hadi kwenye mechi za kufunga msimu huko mbali. Na baada ya kustaafu aliendelea kuwa na ofisi, heshima na ruhusa ya kuingia katika jengo la timu. Chambo kilikuwa mchezo. Ukimya nao ulikuwa wa kimchezo, kwa maana kwamba wafanya usafi walinyamaza kwa kuiogopa timu na maofisa waligeuza uamuzi baada ya kuzungumza na kocha. Chama kinachodai kusimamia michezo ya vyuo hakiwezi kusema hayo hayakihusu halafu kikaendelea kumwandama mwanafunzi aliyelipiwa chakula cha jioni na mpenzi wa timu.

Nilipokosea mwaka 2012 ni kudhani kwamba kuwa na sababu ya kuadhibu kunatosha, bila kujali adhabu inatoka katika sheria gani na inamwangukia nani.

Tuanze na sheria. NCAA haikufanya uchunguzi wake yenyewe. Ilichukua ripoti ya Freeh, ambayo iliagizwa na chuo, na siku 11 baada ya kutolewa ikatangaza adhabu. Kamati yake ya kawaida inayosikiliza mashauri ya ukiukaji wa kanuni iliwekwa kando. Rais mpya wa chuo, Rodney Erickson, alisaini hati ya kukubali kila kitu, na baadaye akaeleza kwamba alisaini kwa kuwa mbadala aliokuwa anaukabili ulikuwa timu kufungiwa kabisa kwa miaka kadhaa. Kanuni zilizotajwa zilikuwa zile za jumla kuhusu maadili mema na chuo kuwa na udhibiti wa idara yake ya michezo, maneno mapana ambayo yanaweza kutoshea jambo lolote. Januari 2013 seneta wa jimbo, Jake Corman, alikwenda mahakamani, mwanzoni akidai jambo dogo tu, kwamba fedha za faini zitumike ndani ya Pennsylvania. Lakini kesi ikafungua makabati, na mwaka 2014 zikatoka barua pepe ambazo maofisa wa NCAA wenyewe walikuwa wameandikiana kabla ya adhabu, wakikiri kwamba kudai mamlaka juu ya suala lile kungekuwa ni kuyanyoosha mambo, na mmoja akatumia neno ambalo wacheza karata hulitumia kwa mtu anayejifanya ana karata nzuri ilhali mkononi hana kitu.

Adhabu iliyojengwa hivyo haikuweza kusimama. Septemba 2013 nafasi za ufadhili zilianza kurudishwa, Septemba 2014 marufuku ya mechi za mwisho wa msimu ikaondolewa, na tarehe 16 Januari 2015, kwa makubaliano yaliyomaliza kesi ya Corman, ule ushindi 112 ukarudishwa wote. Paterno, aliyekuwa ameshushwa kutoka ushindi 409 hadi 298, akapanda tena kuwa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika daraja lake. Mashabiki walishangilia kana kwamba mahakama imetamka kwamba hakuna kilichotokea. Kwa maoni yangu hilo ndilo tokeo baya kuliko yote ya haraka ile: chama kilichotaka kuonyesha kwamba watoto ni muhimu kuliko mpira kiliwapa watu wa mpira ushindi wa kujitangazia.

Sasa tumwangalie aliyeangukiwa na adhabu. Kijana wa miaka 18 aliyejiunga na timu mwaka 2012 alikuwa na miaka minne mwaka 1998 na saba mwaka 2001. Kwa umri angekuwa karibu zaidi na wale wavulana kuliko na wale makocha. NCAA iliona tatizo hilo, ikaruhusu wachezaji kuhama bila kukaa msimu mmoja nje kama kanuni zilivyotaka, na wengine wakahama, mashuhuri wao akiwa Silas Redd, mkimbiaji aliyekwenda Chuo Kikuu cha Southern California. Waliobaki, chini ya kocha mpya Bill O'Brien, walishinda mechi 8 na kupoteza 4 msimu huo. Kuna msemo wetu kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza, na siku ile ghalani nilimtafsiria Mzee msemo huo nikidhani nimemaliza ubishi. Alinitazama akaniuliza kama samaki waliowekwa kapuni leo wanaweza kuozeshwa na yule aliyetolewa juzi. Sikuwa na jibu.

Na kufuta ushindi ni nini hasa? Mechi ilichezwa, watu zaidi ya laki moja waliiona, wachezaji waliumia magoti ndani yake. Kusema haikushindwa ni kutunga uongo rasmi kwa nia njema, na sidhani kwamba waathirika, ambao waliishi na uongo rasmi kwa miaka, walihitaji mwingine.

Nimefika kwenye sehemu ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Baylor ni chuo cha Kibaptisti kilichoko Waco, Texas, na ndicho kinachofundisha zaidi kuhusu suala hili, kwa sababu kimepita mbele ya NCAA mara mbili kwa mambo yenye harufu ya jinai. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2003, mchezaji wa mpira wa kikapu Patrick Dennehy alipouawa na mwenzake Carlton Dotson. Mauaji yale yalikuwa kazi ya mahakama na NCAA haikuyagusa. Ilichokigusa ni kwamba kocha Dave Bliss alikuwa akimlipia Dennehy ada kinyume cha kanuni, na kwamba ili kulificha hilo aliwataka wasaidizi na wachezaji wamsingizie marehemu kwamba alikuwa akiuza dawa za kulevya. Alinaswa kwa sababu msaidizi wake Abar Rouse alimrekodi kwa siri. Mwaka 2005 NCAA ilimwekea Bliss amri ya miaka 10, ambayo maana yake ni kwamba chuo chochote kitakachomwajiri kinajitwika vikwazo vyake. Timu nayo ilinyimwa nusu ya msimu. Rouse, aliyesema ukweli, hakupata tena kazi ya ukocha katika vyuo vikubwa, na baadhi ya makocha wakubwa walisema wazi kwamba hawawezi kumwajiri mtu anayemrekodi bosi wake. Sijui niite nini hali hiyo. Wafanya usafi wa Penn State wangeielewa bila maelezo.

Mara ya pili ilianza kujulikana mwaka 2015 na 2016. Wanawake kadhaa wa Baylor walikuwa wameripoti kubakwa au kupigwa, baadhi yao na wachezaji wa mpira wa Kimarekani, na chuo hakikufanya inavyopaswa. Baadhi ya wachezaji walitiwa hatiani mahakamani. Mei 2016 kocha Art Briles aliondolewa na rais wa chuo, Ken Starr, yuleyule mwanasheria aliyemchunguza Bill Clinton, akavuliwa urais. NCAA ilichunguza kwa miaka. Tarehe 11 Agosti 2021 kamati ilitoa uamuzi: chuo kuwekwa chini ya uangalizi kwa miaka minne, vikwazo fulani vya usajili, na faini ya dola 5,000. Hata hizo zilikuwa kwa makosa mengine, madogo ya kawaida. Kuhusu ukatili wa kingono kamati ilisema, na ikaeleza kwamba inasema hivyo kwa kusitasita sana, kwamba chuo kilikiri kushindwa kimaadili lakini kushindwa huko hakukuvunja kanuni yoyote ya NCAA.

Msomaji asiipite sababu waliyoitoa. Kanuni inakataza mchezaji kupewa manufaa ambayo mwanafunzi wa kawaida hapewi. Waendesha mashauri walijaribu kusema kwamba kutoripotiwa kwa tuhuma dhidi ya wachezaji kulikuwa manufaa ya namna hiyo. Kamati ikajibu kwamba Baylor ilishindwa kushughulikia tuhuma za kila mtu, katika chuo kizima, na kwa hiyo wachezaji hawakupendelewa. Yaani ubovu ulipoenea kote, timu ilitoka safi. Mantiki hiyo haikuwa ngeni: mwaka 2017 Chuo Kikuu cha North Carolina kilikwepa adhabu kwa masomo hewa yaliyodumu kwa miaka 18, kwa kuwa masomo hayo hewa yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote.

Siwezi kuthibitisha kwamba dola 5,000 za mwaka 2021 zilizaliwa na dola milioni 60 za mwaka 2012. Naamini hivyo tu, kama mtu anayeamini kwamba aliyeungua kwa uji hupuliza hata maji. Chama kilichokwenda mbele bila kanuni na kuaibishwa mahakamani kilijifunza kutokwenda popote ambapo hakuna kanuni, lakini hakikujishughulisha kuiandika kanuni yenyewe. Katikati ya matukio hayo mawili kulikuwa na Chuo Kikuu cha Michigan State, ambako daktari Larry Nassar aliwadhalilisha wasichana na wanawake kwa miaka mingi. Agosti 2018 NCAA ilikiarifu chuo kwamba haikuona kanuni iliyovunjwa, miezi michache tu baada ya chuo kukubali kulipa dola milioni 500 kwa waathirika 332. Ohio State, ambako ripoti ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba daktari wa timu aliwatendea maovu wanafunzi wasiopungua 177, haikuadhibiwa na NCAA kwa lolote.

Watetezi wa shamba la kila mmoja watasema kwamba serikali haikulala. Ni kweli kiasi. Wizara ya Elimu ya Marekani, kwa sheria ya mwaka 1990 inayovitaka vyuo kutangaza uhalifu unaotokea kwao, iliitoza Penn State karibu dola milioni 2.4 mwaka 2016 na Michigan State dola milioni 4.5 mwaka 2019. Lakini fedha hizo hutolewa na chuo, yaani ada na kodi, na zinahusu utangazaji wa taarifa. Haziigusi idara ya michezo, ambako nguvu ya kunyamazisha ilikuwa.

Ningeandika kanuni moja, na ningeiandika kabla ya tukio lijalo. Mtu yeyote wa idara ya michezo, kuanzia mfanya usafi hadi kocha mkuu, anayepata habari ya ukatili dhidi ya mtoto au mwanafunzi aipeleke polisi moja kwa moja bila kupitia ofisi ya kocha. Anayeificha, au anayemwandama aliyeripoti, apewe amri kama ile ya Bliss, bila kikomo ikibidi. Na idara ambayo fedha zake zilinunua ukimya itozwe sehemu ya mapato yake ya milango na televisheni, isilipwe na ada za wanafunzi. Misimu isiguswe. Ushindi usiguswe, ubaki pale kwenye kumbukumbu pamoja na majina ya walioupata, ili mtu akiusoma asome na mengine yaliyotendeka miaka ileile. Najua pingamizi: ukimwadhibu mtu mmojammoja, chuo kitanunua kocha mwingine na ngoma itaendelea. Ndiyo maana nataka fedha ziguswe, na ziguswe sana. Najua pia kwamba kanuni hiyo itapaswa kupitishwa na vyuo vyenyewe, kwa kuwa wao ndio wanachama, na mbuzi hapigi kura ya kunoa kisu.

Kilichopitishwa hadi sasa kinaonyesha mwelekeo wao. Tangu mwaka 2017 rais wa chuo na mkuu wa michezo hutakiwa kuthibitisha kila mwaka kwamba wanajua na kufuata taratibu za chuo chao kuhusu ukatili wa kingono, na mwaka 2020 ikaongezwa kwamba wachezaji watangaze kila mwaka kama wamewahi kuchunguzwa au kutiwa hatiani kwa mambo hayo. Ni hatua, sikatai. Lakini mzigo mzito umewekwa begani mwa mwanafunzi, wakati katika kesi zote nilizozitaja walioficha walikuwa watu wazima wenye ofisi.

Nilikutana tena na Mzee miaka michache iliyopita, katika duka la vyakula, amestaafu, amevaa kofia ya timu yake. Tulikumbushana ubishi wa siku ile, na nilimwambia kwamba kuhusu vijana alikuwa sahihi. Alifurahi, akaanza kunihesabia mechi za Paterno, na 409 aliitaja mara mbili. Nikamweleza kwamba katika makubaliano ya mwaka 2015, yaliyorudisha kila kitu alichokuwa akikihesabu, kulikuwa na jambo moja tu ambalo halikurudishwa: zile dola milioni 60, ambazo milioni 48 zilikwenda kwenye mfuko wa jimbo wa kuwasaidia watoto waliodhalilishwa, na milioni 12 zikabaki kwa chuo kwa ajili ya kazi ya namna hiyohiyo. Alisimama na kikapu chake mkononi, akaniuliza nimeisoma wapi habari hiyo, maana yeye, katika miaka yote hiyo ya kufuatilia kila kitu kinachoihusu Penn State, hakuwahi kuisikia.